Bahasha za Kihungaria

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa yake, mwanasheria huzipanga barua mezani, na yoyote yenye anwani ya Kihungaria, lugha ya watawala wa Budapest, huichora mstari mnene wa wino mwekundu, akaandika juu yake, "Hapa Zagreb tunasoma Kikroatia," kisha huirudisha ilikotoka bila kuifungua. Kazi hiyo huifanya polepole, kidole kidogo kikiwa kimenyanyuka kama cha bibi harusi, na jioni huisimulia mkahawani mpaka wazee wa chama chake wakapiga meza kwa raha. Štefica, karani wake wa kunakili, ndiye anayezipeleka bahasha posta.

Jumatatu alikuja Bara, mjane wa fundi wa reli, matope hadi magotini, kuuliza kama wakubwa wa reli, ambao mwanasheria aliwaandikia kwa niaba yake, wamemkubalia abaki na wanawe katika nyumba ya kazini mpaka baridi iishe.

"Wameandika mara tatu, mama, tena kwa Kihungaria," akasema mwanasheria, kifua mbele. "Na mara tatu nimewatia adabu!"

"Mungu akuzidishie, bwana. Ila jana wamevitoa vitanda vyetu nje. Wanasema nilipewa siku nane za kujibu, nikanyamaza."

"Hukunyamaza, mama. Taifa zima limesema kupitia kwako!"

"Basi hilo taifa lina pa kutulaza? Tuko wanne."

Mwanasheria akakoroga kikombe kitupu. Štefica, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kumwuliza lolote, akaiweka kalamu chini.

"Bwana, kama tungezifungua, nani angetusomea?"

"Mimi," akasema. "Sheria nimeisomea Budapest."