Kirukanjia wa Kijito cha Mahembe

Hildegarda alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la watu wazima la kijiji kipya karibu na Zombo, na tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyompita hivihivi bila kuisoma na kuihoji. Ndiyo maana mwaka 1975, Ndugu Lukasi, mtaalamu wa wanyama, alipotoka Mikumi na gari lake kutafuta mtu wa kumbebea mitego, alijikuta ameajiri mbishi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupekua vijito na madimbwi kumtafuta kirukanjia wa maji, mnyama mweusi mwenye pua ndefu, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye hakuwa ameonekana tangu kabla ya Uhuru. Akipatikana, kijito chake hakitaguswa. Asipopatikana, Jumatatu trekta litakuja kufyeka matete na kuchimba mfereji wa shamba la mpunga la kijiji. Hildegarda hakuuchukia mpunga. Nani anauchukia wali? Lakini mfereji ungeweza kupita upande mkavu, kwa wiki tatu zaidi za jembe, na jembe hilo alikuwa tayari kulishika.

Kila asubuhi aliporudi ametapakaa tope hadi kiunoni, jirani yake, Bibi Magreti, alimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, kirukanjia amempata kirukanjia mwenzake?"

Mwanamke haitwi jina hilo kwa kusifiwa, tena mjane, tena mbele za watu. Lilimuuma hasa. Alinawa miguu, akanywa uji, akarudi mtoni.

Ijumaa Lukasi alichoka. Mitego yake ya chuma, yenye chambo cha karanga, ilikuwa imenasa panya tu. Akatoa fomu na kalamu.

"Andika hayupo, dada. Vijito vitatu, vyote hayupo."

"Viwili, ndugu. Cha Mahembe hatujaingia."

"Kule ruba tupu! Tope linameza mtu."

"Basi niandike hatujaingia."

"Fomu haina nafasi hiyo. Ni yupo au hayupo."

"Kutomwona si kutokuwepo," alisema, hasira imempanda. "Mkono huu nimeufundisha kuandika juzi juzi tu. Siuanzishii uongo."

Lukasi alicheka, akaona anacheka peke yake. "Kesho saa sita mchana naondoka. Ukimleta kabla ya hapo, haya."

Hildegarda hakugusa tena mitego ya chuma. Mnyama anayekula wadudu atafuata nini kwenye karanga? Jioni ile aliazima madebe manne, akayafukia ukingoni mwa kijito, midomo yake usawa wa ardhi, kwenye vinjia vyembamba vilivyopita chini ya matete.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi debe la kwanza lilikuwa na vyura. La pili, kaa. La tatu lilijaa maji pomoni. Ruba walikuwa wamemganda mapajani na hakuwa na muda wa kuwabandua. Ndani ya la nne kitu cheusi kilikuwa kinazunguka, pua ikichezacheza. Hildegarda aliketi palepale topeni akacheka kama mwehu.

Alijua virukanjia hawavumilii njaa hata kidogo, kwa hiyo njiani alisimama mara kwa mara kumchimbia nyungunyungu na kumlisha. Alipofika barabara ya kijiji, Bibi Magreti alipiga ukelele.

"Usivuke naye! Kirukanjia akikatiza njia anakufa!"

"Huyu hakatizi, bibi. Amebebwa."

Akavuka. Bibi Magreti akamfuata.

Lukasi alimpima mnyama kwa rula, pua hadi mkia, miguu yote minne, jasho likimtoka. "Ndiye," alisema. "Dada, ndiye kabisa!" Kisha akafungua chupa ya spiriti.

"Ya nini hiyo?"

"Ofisi haiamini maneno. Inataka mwili."

Hildegarda alimgeuza mnyama kiganjani. Matiti yalikuwa yamejaa maziwa.

"Ana watoto huyu."

"Naona, dada." Lukasi hakumtazama usoni. "Bila mwili wataandika hayupo. Na trekta liko tayari."

Alilia, wala hakujificha. Hata Bibi Magreti aliinamisha kichwa. Kisha Hildegarda akafuta machozi kwa kiganja chenye tope.

"Lete chupa. Nimemtoa mimi mtoni, nitamtia mimi chupani."

Akamtumbukiza, akafunga kizibo. Alipomaliza alivuta fomu, akaandika kwa herufi kubwa: YUPO.

Saa sita gari liliondoka na fomu na chupa. Hildegarda hakubaki kulitazama. Alikuwa amechota nyungunyungu kwenye kopo, amerudi Mahembe, anapekua matete shina kwa shina akitafuta shimo lenye watoto.