Daktari alisema "convalescence", mimi nikamwambia mke wangu "umepona"

Wakuu, marahaba. Nimejiitikia mapema maana kwa umri wangu sidhani kama humu ndani nina wenzangu wengi.

Juzi mwanachama mmoja aliuliza kule jukwaa la lugha kuhusu tofauti ya recover, heal na convalescence. Wengine walimjibu vizuri, wengine wakamtania akanunue kamusi. Nikaanza kuandika jibu langu kule, likarefuka, mwishowe halikuwa la lugha tena. Nimelileta huku. Sijaongeza chumvi, na pale ninapoonekana mbaya sijajisafisha.

Neno lenyewe kwanza.

Waingereza hawalitumii kwa mtu mwenye mafua. Ni la mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mzito au kisu cha daktari. Ugonjwa umeondoka, nguvu bado hazijarudi. Katikati hapo ndipo convalescence. Wana hata nyumba maalumu za watu wa hali hiyo, convalescent home, mtu anakwenda kukaa tu, kula na kuota jua. Siku hizi wengi wao wanasema kwa wepesi "she is recovering". Wakisema "she has recovered", hapo safari imekwisha.

Nimelieleza hivyo ili mjue jambo moja: nililijua. Nilisoma mpaka form four, na Kiingereza tulifundishwa kwa fimbo.

Sasa kisa.

Mke wangu, Mama Neema, tunauza naye vitenge vya jumla Kariakoo. Nasema tunauza, ila kusema kweli biashara ni yeye. Mimi nafungua mlango na kupiga hesabu. Wateja wa mikoani wanamtaka yeye, anajua macho ya wanawake yanatafuta nini.

Alipolazwa kufanyiwa upasuaji wa tumbo, nilibaki peke yangu dukani. Mama mmoja wa Songea alipekua vitenge nilivyomtolea, akaniambia mbele za watu, kwa jina la utani la sisi wenye maduka:

"Mangi, wewe rangi huzijui. Utaniuzia cha msibani niende nacho harusini. Mama yuko wapi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini aliondoka bila kununua, na hakuwa wa kwanza.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikuja kitandani. Ni mgeni kutoka nje, Kiswahili chake kinaishia "pole" na "vuta pumzi". Nesi alikuwa ameitwa kwingine, kwa hiyo akanigeukia mimi. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba upasuaji umekwenda vizuri, na sasa kinachofuata ni convalescence. Akae nyumbani. Asinyanyue kitu. Asisimame muda mrefu. Dukani asirudi mpaka yeye daktari aseme.

Mke wangu akaniuliza, "Anasemaje?"

Desemba ilikuwa inakaribia. Walioko Kariakoo mnajua Desemba ni nini kwa mauzo.

Nikamwambia, "Anasema umepona. Imebaki kuchangamka tu."

Akafumba macho akamshukuru Mungu. Daktari naye akatabasamu, akidhani ujumbe umefika.

Haikupita muda alikuwa dukani. Nilimwekea kiti chenye mto, nikajiona mume mwema. Wateja walirudi.

"Mama, kumbe umepona!"

"Nimepona, mwanangu. Daktari mwenyewe kamwambia mume wangu."

Kila alipolisema hilo nilikuwa najipa kazi ya kufanya nyuma, stoo.

Siku moja nikiwa huko stoo, mteja alitaka kitenge kilichokuwa chini ya robota, ule mzigo mzima uliofungwa. Hakuniita. Na aniite kwa nini? Mtu aliyepona huwa haombi msaada wa kazi aliyoifanya maisha yake yote. Akalisukuma robota, akaliinua upande mmoja.

Nilisikia mteja akipiga kelele. Nikamkuta amekaa chini, ameshika tumbo, kidonda kimefunguka.

Hospitali walimshona upya. Nesi alipokuwa akimfunga bandeji akamuuliza, kwa upole kabisa:

"Mama, si mliambiwa ukae nyumbani, usinyanyue kitu? Hukuambiwa?"

Mke wangu alinitazama. Nilikuwa nimesimama miguuni kwa kitanda, nimeshika viatu vyake.

"Niliambiwa, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye mbishi."

Nesi akacheka. "Mama zetu nyie! Mkipata nafuu kidogo mnataka kubeba dunia."

Wakuu, nimewahi kutukanwa na kuibiwa. Sijawahi kupigwa namna ile.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Gerezani, alikunywa uji wake kwanza. Ndipo akauliza:

"Baba Neema, daktari siku ile alitumia neno gani?"

Nikamtajia.

"Sasa nipe maana yake. Yote. Usinipunje."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie hapo juu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe kujiuguza," akasema. "Mbona neno tunalo. Ulikuwa na haraka gani na mwili wangu?"

"Duka," nikajibu.

"Angalau hilo umelisema kama lilivyo."

Hakugomba. Hakuwaambia watoto. Ningependa angegomba.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza. Jina lake lilipoitwa nikainuka naye, kama kawaida yetu. Akanigusa begani.

"Wewe kaa hapo kwenye benchi. Nesi atanitafsiria."

Mlango ukafungwa. Nilisikia daktari akiongea, nesi akifuatia, kisha wote watatu wakacheka. Sikujua wanacheka nini.

Alipotoka nikamuuliza, "Amesemaje?"

"Amesema mengi."

Akatangulia kuelekea getini, polepole, mkono tumboni. Nikachukua mkoba wake nikamfuata.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa wewe ndiye mwenye lugha ndani ya nyumba, afya ya mwenzako imo kinywani mwako. Neno la daktari si lako hata chembe. Lifikishe zima, hata kama linafunga duka.

Siku hizi nafungua peke yangu. Wateja wakimuulizia nasema anajiuguza. Wakiuliza hadi lini, nasema hilo atalisema yeye. Wengine wananunua, wengine wanaondoka.

Karibuni mchangie, hata wa kunisema aniseme tu. Ila msinishauri zawadi. Nilimnunulia, akasema asante, akaiweka kabatini.

Ninachotaka kusikia ni kwa mtu aliyewahi kuachwa nje ya mlango kama ule, halafu siku moja akaitwa ndani. Aniambie ilikuwaje.