Kompyuta ya Bi Zenebech Yamrudia Fundi Yeshimebet

Kufuli la pili la kibanda halijafunguka, na Yeshimebet Worku anamwona Bi Zenebech akivuka barabara, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Ee Mungu, isiwe yeye," anasema fundi huyo. Ni yeye.

"Umeniua, mwanangu!" Bi Zenebech anaanza, hata salamu haijaisha. "Inawaka, inasema inajitengeneza, inazunguka weee, puu! Inazima. Nikiiwasha, yale yale. Watu wananingoja niwaandikie barua zao, mimi natazama duara linazunguka!"

Hii ni mara ya nne. Yeshimebet, mama wa watoto wawili, hutengeneza kompyuta katika kibanda cha bati kando ya soko la Adama, Ethiopia. Siku njema humwachia birr mia sita. Siku ya Bi Zenebech haimwachii kitu, maana kazi ikirudi hailipwi tena.

Anaichomeka. Inajitengeneza, inamaliza, inawaka vizuri. Jirani anamimina kahawa ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu, ile ya baraka, na kompyuta bado inanguruma kwa raha.

"Kwako ina adabu," anasema Bi Zenebech. "Au kuna kifaa kizima ulichotoa ndani, ukaniwekea kibovu?"

Girma, muuza kava za simu wa kibanda cha pili, anaangua kicheko. "Mama, huyu hata usingizi hajui kuuiba!"

Yeshimebet hacheki. Neno hilo la wizi limeshafika kanisani, na tayari kuna wateja waliokuja kuchukua mashine zao kabla hazijaguswa.

"Nimebadilisha diski, nimebadilisha waya, programu nimeziweka upya," anasema. "Kilichobaki ni kubadilisha mwenye mashine. Jina likichafuka mji huu, hata ulisugue kwa jivu halitakati."

Anarudisha kufuli mlangoni. "Twende kwako, mama. Leo nataka nione inapofia."

Sebuleni kwa Bi Zenebech kila chombo kina vazi. Redio ina kitambaa cha kufuma, jokofu lina chake, televisheni nayo ina chake chenye maua. Mama huyo anaunganisha kompyuta, anaiwasha, kisha anafungua kabati kwa utaratibu wa mtu anayetoa nguo ya harusi. Anatoa kitambaa kizito cheupe, kimepigwa wanga, anaivisha mashine mbele mpaka nyuma.

Fundi anakitazama. Hajawahi kukiona. Anaweka kiganja juu yake, na baada ya muda anauondoa mkono haraka kwa joto. Puu! Imezima.

"Mama! Unaivisha huku inafanya kazi?"

"Sasa niiache uchi, wageni wakija? Nimekifuma Kwaresima nzima!"

"Na kwangu huji nacho."

"Kibandani kwako? Kichafuke?"

Yeshimebet anakaa kigodani, anashika kichwa.

"Inapumulia nyuma, mama. Umeiziba pua. Ikichemka inazima ili isiungue. Ikiwaka tena inajiona mgonjwa, inaanza kujitengeneza. Kazi hiyo nzito, inachemka tena, inazima. Itapona saa ngapi?" Kisha sauti inashuka. "Nami juha. Nimeikagua yote mpaka msumari wa mwisho, sikukuuliza hata siku moja inakaa wapi."

Bi Zenebech anakikunja kitambaa polepole, kona kwa kona. Mashine inawashwa ikiwa uchi. Duara linazunguka, linazunguka, linatoweka. Barua aliyoiacha katikati inajitokeza kwenye kioo.

"Haya, nashukuru, mwanangu. Jumapili nitawaambia kanisani kwamba hukuiba kitu. Ila hili la kitambaa tulifiche."

"Hilo ndilo utakaloanza nalo," anasema Yeshimebet. "Na kwa sauti ile ile."

Sasa ana mpango: atatundika ubao kibandani, kila mteja alete kompyuta na nguo yake. Anatumaini kwamba baada ya ibada ya Jumapili, wale waliochukua mashine zao watazirudisha.

Anavaa viatu mlangoni. Nyuma yake sindano ya kufumia imeshaanza kutafutwa kabatini.

"Yeshi! Nikiifumia kingine, chenye tundu nyuma?"