Eta na Ro kwa Mkono

Mashine ya kuchapisha ya chuo chetu hapa Kasese haizijui herufi za Kigiriki. Palipo na eta inatoa kisanduku kitupu, palipo na ro kisanduku kingine, na mtihani wa famasia ya kifizikia bila herufi hizo ni karatasi ya visanduku tu. Nililalamika mwaka wa kwanza, nikalalamika wa pili, kisha nikanunua kalamu nyeusi. Tangu hapo nazijaza mwenyewe, nakala moja baada ya nyingine, kila mtihani.

Si kazi ngumu. Inachosha tu, na mimi siku hizi nachoka hata kabla sijaanza. Eta ni mnato, yaani jinsi dawa ya maji inavyosita kumiminika. Ro ni uzito wa kitu kwa ujazo wake. Wanafunzi nawaambia wafikirie maji ya ziwa la Katwe yalivyo mazito kwa chumvi. Nimeyasema hayo mara nyingi mpaka siyasikii tena.

Muhula uliopita nakala zilikuwa thelathini na tisa. Ya mwisho ilimfikia mama mmoja wa Bwera anayekaa nyuma, mwenye duka dogo la dawa karibu na mpaka. Alikuwa akiurudia mtihani huo kwa mara ya mwisho. Akianguka tena, chuo basi. Swali kubwa liliuliza chembe za dawa zinazama chupani kwa kasi gani. Kwenye jibu lake chembe hazikuzama, zilipanda juu kuelekea kifuniko. Nikacheka kidogo, nikatia alama ya kosa, nikajumlisha. Alianguka kwa alama nne.

Wiki tatu baadaye, nikipanga karatasi kabatini, niliiona tena karatasi yake. Mahali pa eta nilikuwa nimeandika ro, na pa ro nikaandika eta, hata namba ya mnato ikasomeka kama uzito wa ile dawa ya maji. Ni kwenye nakala yake peke yake. Kwa herufi nilizompa mimi, hesabu yake ilikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Niliona aibu mpaka nikafunga mlango wa ofisi.

Mkuu wa chuo hakunigombeza. Alitaka barua ya kukiri kosa ili alama zirekebishwe, nami nikaiandika siku hiyo hiyo. Kisha nikaenda Bwera mwenyewe, kwa sababu niliona hilo si jambo la kumwambia mtu kwa simu.

Nilimkuta dukani akipangusa rafu. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia amefaulu na kwamba kosa lilikuwa langu. Alishukuru kwa sauti ya chini, lakini hakushangaa. Nikamuuliza kama aliliona siku ile ya mtihani. Akasema aliliona mapema, kwa sababu vipimo vilivyochapwa pembeni mwa namba havikulingana na herufi, ila aliogopa kubadilisha maandishi ya mwalimu bila ruhusa. Basi kwa nini hakuniita? Niliuliza kwa ukali ambao sikuwa na haki nao.

Aliendelea kukunja kitambaa chake.

"Madamu, ulikuwa umelala pale mbele, kichwa iko juu ya meza," akasema. "Nikasema, acha mutu apumuzike."

Akanivutia benchi, nami nikakaa.