Mkeka wa Wasichana Wawili

Bi Tatu binti Mfaume hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na bado alikuwa mwalimu. Watu wa Kisarawe walilisema jambo hilo kwa kicheko, lakini walilisema wakiwa wameketi juu ya mikeka ya wanafunzi wake, kwa hiyo waache wacheke. Serikali ilipofungua shule ya wasichana ya kazi za mikono karibu na boma, mwaka 1946, ilitafuta mtu wa kufundisha ususi. Ikamkuta kijijini Kurui, mjane wa miaka thelathini na kitu, mkononi ana ukindu, mdomoni anamgombeza mbuzi wa jirani. Mkataba aliutia dole gumba.

Ndani ya miaka mitano shule ile ikapata jina. Wilhelmina, wa kundi la kwanza, alikuwa anafundisha kuchora huko Morogoro. Vyungu vya Genoveva vilikwenda kwenye maonyesho Dar es Salaam, vikarudi na vyeti. Mwalimu Athanas, mkuu wa shule, alikuwa akivisoma vyeti hivyo kwa sauti kila Jumatatu asubuhi, na Bi Tatu, asiyejua herufi hata moja, alivijua vyote kwa moyo. Alijivuna, tena sana. Mimi simlaumu.

Lakini katika wasichana wote waliopita mikononi mwake, hakuna ambaye Bi Tatu alimpenda kama Mwanamvua binti Matano, mtoto wa Dutumi.

Kwa asiyejua, mkeka una kazi mbili. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu wa ukindu wenye upana wa vidole vinne au vitano. Kisha kili hizo hushonwa pamoja, ukingo kwa ukingo, kwa sindano kubwa iitwayo shazia, mpaka nakshi za utepe mmoja zikutane na za mwenzake. Mwanamvua alikuwa msukaji. Ukili wake ulitoka sawa mwanzo hadi mwisho, bila uvimbe wala ulegevu, na rangi alizipanga kwa namna ambayo hata Bi Tatu hakumfundisha. Mwalimu alipoona hivyo akampa amri: shazia asiiguse.

"Itakuotesha sugu hiyo, vidole viwe vizito," alimwambia. "Wewe suka. Kushona watashona wenzako."

Mwaka 1951 ikaja habari kubwa. Chuo cha ualimu kilitoa nafasi moja kwa msichana wa wilaya nzima, na angeichukua yule ambaye kazi yake ingeshinda mbele ya mkaguzi. Nafasi moja tu. Matano, baba yake Mwanamvua, alifunga safari kutoka Dutumi kuja kusema lake.

"Bi Tatu, akiipata nafasi hiyo nitamwacha aende, nakuahidi," alisema. "Asipoipata, narudi naye nyumbani siku hiyo hiyo. Mchumba kangoja miaka miwili, na mimi nimeishiwa maneno ya kumwambia."

Tangu hapo Bi Tatu hakupata usingizi wa maana. Mwanamvua akasuka kili za mkeka mmoja kwa miezi mitatu, nyekundu na nyeusi juu ya ukindu mweupe. Akashona Yosefina, binti wa mfanyakazi wa reli wa Soga, msichana mpole mwenye mkono mtulivu. Mwalimu Athanas akajaza fomu na kuandika jina la Mwanamvua peke yake. Wala hakuna aliyeona kwamba wanadanganya. Kurui mkeka ni wa aliyeusuka; aliyeshona hupewa ahsante na chakula cha mchana, basi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wazazi walibanana kwenye mabenchi ya nyuma, Matano miongoni mwao, kanzu yake safi, kofia mapajani. Mkaguzi alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, asiye na haraka. Mwalimu Athanas alimfuata akitafsiri, jasho likimtoka. Walipita kwenye vyungu, wakapita kwenye michoro, wakafika kwenye mkeka. Mkaguzi akasimama. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu.

Halafu yule mama akaugeuza mkeka chini juu na kupitisha kidole kwenye mshono.

"Anauliza nani kashona," alisema Mwalimu Athanas, na sauti yake ilikuwa imekwisha badilika.

"Yosefina," akajibu Bi Tatu. Hakujua kuficha, na hakuwa na habari kwamba kuna la kuficha.

Mkaguzi akaitazama fomu, akamtazama Mwalimu Athanas, akazungumza taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha zaidi. Mwalimu Athanas akatafsiri. "Anasema chuo kinataka msichana atakayefundisha wengine kazi yote, toka ukindu mpaka pindo. Anakuuliza wewe mwalimu wake. Huyu Mwanamvua, kushona anajua?"

Juu ya meza palikuwa na shazia na vipande vya ukili. Bi Tatu aliviona, na akaona yote yatakayofuata akisema ndiyo: mtoto anakalishwa mbele za watu, mshono unakwenda upande kama njia ya mlevi, wazazi wanacheka, na baba yake kaketi pale pale. Akamtazama Mwanamvua. Msichana alikuwa ameinua uso, midomo imeachana kidogo. Bi Tatu akadhani ni hofu.

"Hajui," alisema.

Mwanamvua akainama. Yosefina akaitwa, akakaa, akasuka shubiri moja ya ukili, si mzuri sana, akaushona vizuri mno. Mkaguzi akaandika jina lake. Watu walipiga makofi, na Yosefina mwenyewe akalia kama aliyefiwa.

Bi Tatu alimkuta Mwanamvua kwenye chumba cha ukindu, anafunga mzigo wake. Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kumfariji, likamtoka moja tu. "Nisingeweza kukuacha uaibike, mwanangu."

Mwanamvua aliacha kufunga. Alitoa ndani ya mzigo msala mdogo, wa kuswalia mtu mmoja, akamkabidhi kwa mikono miwili. Rangi zilikuwa zake, hazikuhitaji kuulizwa. Bi Tatu akaugeuza. Alitafuta mshono, akausogeza dirishani, akautafuta tena kwa ukucha. Aliupata kwa shida.

"Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe, mwalimu. Likizo ya mwaka jana. Shangazi Mwamvita alinionyesha. Nilikuwa naogopa kukwambia, kwa sababu ulinikataza."

"Na leo? Mbona leo hukusema?"

"Ulishasema wewe, mwalimu. Ningekubishia vipi mbele za watu?"

Hakuwa anamsuta. Aliyasema hayo kwa adabu ile ile ambayo Bi Tatu mwenyewe alimfunza kwa miaka minne.

Bi Tatu alitoka mbio na ule msala, kanga ikimponyoka. Gari la mkaguzi lilikuwa limekwisha shika njia ya Dar es Salaam. Alimkuta Mwalimu Athanas peke yake ukumbini, akamwekea msala mezani, akamwambia aandike barua, sasa hivi.

Mwalimu Athanas aliutazama ule mshono, akafumba macho. "Barua ya kusema nini, Bi Tatu? Kwamba kwanza tulisema kafanya yote, kisha tukasema hajui, na sasa tunasema anajua? Nani atatuamini? Na Yosefina nimwambie arudi Soga?"

Bi Tatu akautwaa msala wake. Akabaki na mtu mmoja tu wa kumwendea. Matano alikuwa barazani, amesimama tayari kwa safari. Bi Tatu akapiga magoti mbele yake, mwanamke ambaye hata Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hakuwahi kumpigia magoti, akautandaza msala chini.

"Mzee Matano, tazama alichofanya mtoto wako. Anajua kushona. Ananipita mimi. Mwache mwaka mmoja tu, mwakani ataipata nafasi, nakuapia kwa Mungu."

Matano alichutama, akaupapasa msala kwa kiganja. Ilionekana wazi kwamba ameona. Akaupitishia kidole mshono, na Bi Tatu akaanza kutumaini.

"Mzuri," alisema hatimaye, akaukunja polepole na kuutia kwapani. "Lakini wewe ndiye mwalimu wake, Bi Tatu. Mbele ya Mzungu na mbele ya watu wote umesema mtoto wangu hajui. Mimi mkulima wa mihogo, nani atanisikiliza nikisema anajua?"

Akamwita binti yake. Mwanamvua alitoka na mzigo kichwani, akamshika mwalimu wake mkono, akamwambia kwaheri, akamfuata baba yake.