Hadithi Iliyomng'atisha Babu Jiwe

Harufu ya maharage makavu yakimwagwa kwenye ungo, ile ya vumbi na gunia, bado inanifanya nitafute pa kukaa nisikilize. Nilikulia Gitega, mtaa wa Waswahili, ambako baba alikuwa fundi cherehani, lakini likizo ndefu nilipelekwa Muyinga kwa nyanya, mzaa mama. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na sisi watoto tulidhani uhuru ndiyo likizo yenyewe. Kila asubuhi nyanya alitandika mkeka uani, akatumwagia maharage ya Buhinyuza, yenye mawe mengi utadhani yalipandwa pamoja nayo, nasi tukachambua. Mmoja tu hakuchambua: mwenye zamu ya kusimulia. Huyo alikaa kwenye kigoda cha nyanya, mikono imepumzika, mdomo ukifanya kazi. Nilikitamani kigoda kile kuliko nguo ya Idi.

Zamu yangu ilipofika, binamu zangu walinicheka mapema, wakisema watu wa Gitega wanajua kuringa tu. Nilijua nikiboronga nitarudishwa kwenye ungo hadi likizo iishe. Hadithi ya fisi anayewavizia watoto walioachwa peke yao waliijua wote, na fisi wa nyanya siku zote alinguruma mlangoni. Nikawaza: anayenguruma utamfungia mlango, wa kuogopwa ni yule unayemfungulia. Basi fisi wangu nikamvisha koti, nikamleta kwenye ua ule ule tuliokaa, akapiga hodi kwa adabu, akamjulia hali kila mtoto kwa jina lake. Kisha nikanyamaza. Hilo la kunyamaza sikufundishwa na mtu, lilinijia tu, na nilifurahi mno kuona mikono yote imesimama juu ya maharage. Haikusogea tena hadi mkia ulipochungulia chini ya koti na fisi akafukuzwa kwa mwiko. Jua lilikuwa limeshapanda, na nyanya, aliyesahau naye kutazama ungo, akayatia maharage chunguni hivyo hivyo.

Mchana babu alirudi kutoka dukani kwake, akanawa, akasema bismillahi. Tonge la pili likalia ka. Akatoa jiwe, akaliweka ukingoni mwa sahani, akashika shavu.

"Leo ni nani alisimulia?" akauliza.

"Ni mi, babu." Nilikiona kigoda kikiniponyoka, na machozi yalikuwa karibu.

"Basi unisimulie na mi. Nimekwisha kuilipa."

Nikamsimulia yote, na fisi alipopiga hodi, babu naye akasahau kutafuna. Nyanya alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "We mutoto unajua kuogopesha," akaniambia. "Ila kesho, ile ya kuogopesha uiweke wakati ungo iko tupu." Mimi nilisikia neno moja tu, kesho, na mcheza kwao hutunzwa.

Leo naandika vitabu hapa Gitega, na kila ninapopanga sura bado nautazama ungo wa msomaji, nijue lini umejaa na lini ni mtupu. Maharage nanunua yaliyokwisha kuchambuliwa, hayana hata punje ya mchanga, na vitabu vyangu watu huvisifu kwa adabu. Nashukuru. Lakini nikiweka kalamu chini hujiuliza kama kuna mtu mahali fulani, mikono imemsimama juu ya kazi yake, ambaye mchana huu atang'ata jiwe kwa ajili yangu.