Katoni ya Vitabu Chini ya Projekta

Leo nimeaibika mbele ya gredi ya nne, na mvi zangu zote hizi.

Nilikuwa nimeandaa masomo ya mimea inayostahimili ukame. Hapa Kiritiri mtoto gani hajui mtama? Lakini mimi nikataka slaidi, mambo ya kisasa.

Madamu Wanja wa maktaba akaniletea katoni ya vitabu, imefungwa kwa kamba. "Mwalimu, kila kipindi nimekuchagulia kitabu chake."

Nikashukuru sana. Kushukuru huwa sikosi.

Leo akaja kuona watoto wanavyovitumia.

"Haya wanangu, kitabu gani kimewapendeza?"

Wote wakaniangalia mimi.

Mukami wa dawati la mbele, ambaye hajawahi kunionea huruma, akasema, "Madamu, hivyo si vya kusoma. Ni vya kuinua projekta."

Jamani. Katoni ilikuwa pale pale chini ya projekta, kamba haijaguswa.

Madamu hakukasirika. Afadhali angekasirika! Akainua projekta, akaniwekea mikononi, akafungua kamba. Juu ya vitabu kulikuwa na karatasi tatu: kila kipindi na kurasa zake, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Watoto wakavamia vitabu. Mimi nikabaki nimekumbatia projekta, picha ya mawele ikicheza kwenye mabati ya paa.

"Madamu, nisamehe," nikasema, watoto wote wakisikia.

"Nimekusamehe, mwalimu. Lakini usiiangushe, ni ya shule."

Haya, chekeni. Ila nyinyi walimu wenzangu, semeni ukweli: katoni ya kwenu imeinua nini?